Koti Langu Lilikuwa Kazini

Asubuhi niliyorudi ofisini, askari wa langoni alikataa kuniruhusu niingie kwa sababu nilikuwa tayari ndani.

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa mtu wa makamo mwenye sare iliyopigwa pasi ikapigika, na mbele yake palikuwa na kitabu kikubwa cha mahudhurio ambacho alikilinda kuliko alivyolilinda jengo lenyewe. Alikifungua akanionyesha kwa kidole. Pale palikuwa na jina langu, sahihi yangu na saa niliyoingia siku ile tulipoambiwa sote tufunge milango, twende nyumbani, tukafanyie kazi huko hadi ugonjwa upite. Safu ya saa ya kutoka ilikuwa tupu.

"Mkubwa, kitabu inasema uko ndani."

"Mimi niko hapa mbele yako."

"Nakuona. Lakini kitabu haijaona ukitoka."

Nilimweleza kwamba siku ile tulitoka mbio kupitia mlango wa nyuma, kila mtu akimkwepa mwenzake, na hakuna aliyekumbuka kitabu. Nikamweleza kwamba tangu hapo, miaka miwili na miezi kadhaa, nilikuwa nikifanyia kazi nyumbani kwetu Asembo, na kwamba sasa nilikuwa nimeitwa nirudi. Alisikiliza kwa heshima zote. Kisha akaanza kunigeuzia kurasa. Utaratibu wa pale ulitaka kila asubuhi aandike juu ya ukurasa mpya majina ya watu waliolala bila kutoka. Majina yalipungua wenzangu waliporudi na kujiandikisha kutoka, likabaki moja, langu, aliloliandika kwa mwandiko uliozidi kuwa mzuri kadiri siku zilivyokwenda.

"Sasa nikiingiza wewe," alisema, "na ule mwingine hajatoka, mtakuwa wawili. Nitaandika aje?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Lakini nilipofungua mdomo kumkaripia niliona kwamba, kwa mujibu wa kitabu chake, mkosaji alikuwa mimi. Nikachukua kalamu. Nikajiandikisha kutoka saa mbili na dakika kumi asubuhi, kisha nikajiandikisha kuingia saa mbili na dakika kumi na moja. Askari akapiga saluti.

"Pole, Mkubwa," akasema. "Umekaa sana huko ndani. Hata mimi nilikuwa najiuliza unakula nini."

Ilikuwa Alhamisi. Barua ilikuwa imeniita Jumatatu, lakini nilipoteza siku tatu nikitafuta viatu. Miaka miwili ya kuvaa patipati ilikuwa imeipanua miguu yangu ikawa ya bata, na viatu vyote vya zamani vilinikataa. Hivyo nilivyovaa siku hiyo nilivipata Kibuye, sokoni, na vililia kila hatua hata watu wakachungulia milangoni kuona ni nani anakuja.

Ofisi yangu ilikuwa wazi. Koti lilikuwa pale pale nilipoliacha, mgongoni mwa kiti.

Lazima nieleze habari ya koti, maana mtu asiyewahi kufanya kazi katika ofisi zetu anaweza kudhani koti ni nguo. Kisumu hakuna baridi ya koti. Hata mvua yetu ina joto. Lakini kila mwenye meza ana koti, na koti hilo halivaliwi; huvalishwa kiti. Koti likiwa kwenye kiti, mwenyewe yuko. Huenda amekwenda kunywa chai, huenda amekwenda benki, huenda yuko matangani Ugenya tangu juzi, bado yuko. Mgeni akifika anaambiwa, "Ametoka kidogo, koti si hii," naye anaketi kusubiri na roho inamtulia. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Hao Waswahili hawakuwahi kuajiriwa Kisumu.

La kwangu nililichagua Kibuye kwenye rundo la mitumba mwaka nilioajiriwa. Lilikuwa la sufu, rangi ya kahawia, zito kama blanketi, limeshonwa kwa ajili ya nchi ambayo watu hufa kwa theluji. Aliyeniuzia hakuniuliza urefu wa mkono wala upana wa bega. Aliniuliza kama kiti changu kina mgongo mpana.

Nikasimama mlangoni nikalitazama, na sitasema uongo, niliona wivu. Mimi nilikuwa nimenenepa kwa ugali wa nyumbani, nywele zimenikimbia, mgongo umepinda kwa kuinamia kompyuta. Koti lilikuwa limebaki kijana. Mabega yalikuwa yamekaa sawa na kola haikuwa na vumbi hata chembe.

"Ni mimi naitunza," ilisema sauti nyuma yangu. Alikuwa mama wa usafi, na ndoo yake mkononi, na ndiye mtu wa kwanza siku ile aliyefurahi kuniona. "Kila Ijumaa napiga brashi. Krismasi naipeleka nyumbani, nafua, naanika, narudisha kabla watu warudi. Hii koti ni mtu mzuri sana. Haigombani, haiitishi chai."

"Na hakuna aliyeuliza niko wapi?"

Akanishangaa. "Uko wapi aje? Si ulikuwa hapa."

Wenzangu walikuwa wamerudi zamani, kwa makundi. Mimi niliachwa kwenye orodha ya watakaoitwa baadaye, orodha yenyewe ikapotea, nami sikuitafuta. Mtu hashtaki raha yake. Kila Jumatatu nilijitokeza kwenye mkutano wa kompyuta, nikasalimu, nikazima sauti. Huko ndiko nilikomjua bosi mpya, mwanamke mwenye miwani mikubwa aliyehamishiwa kwetu katikati ya mambo hayo. Nilipokwenda kujitambulisha kwake uso kwa uso, chumba chake kikiwa mlango wa pili kutoka changu, aliniangalia kwa mshangao mdogo.

"Kwani umekuwa wapi?"

"Asembo, Madam."

"Asembo ya wapi? Mimi nilijua uko hapo next door! Nikipita naona koti, nikiwasha kompyuta nakuona wewe. Nikasema huyu mtu ni mvivu kupita kiasi, hawezi kutembea hatua kumi akuje kwa mkutano."

"Na siku ile jogoo aliwika nikisoma ripoti?"

"Nilidhani ni simu yako." Akavua miwani akaifuta. "Lakini sina shida na wewe. Wengine wanalia faili zimejaa. Wewe kila Jumatatu unasema hakuna faili inakusubiri."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikisema hivyo kila Jumatatu, na nilikuwa nikijisifu moyoni, kwa sababu kweli hakuna faili lililowahi kunifikia. Kazi yangu ni ndogo lakini haina mtu mwingine. Mashua inapobadilisha mwenyewe, iwe imeuzwa au mwenyewe amekufa, karatasi hupita kwangu. Natia sahihi, napiga muhuri. Bila hivyo jina jipya halitambuliki popote ziwani. Wakati wa kukaa nyumbani tuliambiwa kila karatasi ipigwe picha na kutumwa kwa mhusika kwenye kompyuta. Nilisubiri picha hizo miaka miwili. Nani angenitumia picha huko Asembo, wakati kila aliyechungulia aliona niko?

Nilirudi chumbani mwangu nikaitazama trei ya karatasi iliyokuwa mezani, karibu na mkono wa koti. Ilikuwa imejaa hadi karatasi zimeanza kumwagikia dirishani.

Nilianza kuzipekua. Nyingi zilikuwa zimeoza kwa namna yake: mashua zilizokwisha kuuzwa tena, mwombaji aliyeandika barua ya pili kusema ameokoka na ameacha uvuvi. Lakini katikati ya rundo nikaanza kukutana na fomu moja. Nikaiweka kando, nikaikuta tena. Fomu ile ile, jina lile lile, imejazwa upya mara kumi na moja. Mjane wa ufuo wa Asembo alikuwa anaomba mashua ya marehemu mumewe iandikwe kwa jina lake. Kila nakala ilikuwa imebanwa na kijikaratasi cha mtu wa mapokezi. Cha kwanza kilisema: "Mama amekuja. Ameambiwa ametoka kidogo." Kilichofuata: "Mama amekuja tena." Cha mwisho, cha Alhamisi iliyopita, kilikuwa na mistari miwili: "Mama anasema kamati ya ufuo imempa hadi Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya hapo mashua inaenda kwa shemeji yake. Ameambiwa asubiri."

"Huyu ni nani?" nilimwuliza mama wa usafi, aliyekuwa akipangusa sakafu kuzunguka viatu vyangu.

"Huyo? Haki huyo mama ni mvumilivu. Anakuja Alhamisi, miezi mbili ikiisha. Anakaa kwa benchi hapo nje mlango ikiwa wazi, anaangalia koti. Saa zingine anaisalimia."

"Analisalimia koti?"

"Sasa asalimie nani? Ndugu ya mzee yake anataka boti. Anasema mwanamke hawezi kuwa na chombo, na jina kwa karatasi ni ya mtu amekufa. Boti imelala tu kwa mchanga, imefunikwa, tangu matanga." Akakamua kitambaa. "Si ni huko kwenu? Anauza samaki chini ya ile tangi kubwa ya maji."

Nilikaa kwenye kiti, juu ya pindo la koti.

Kijijini kwetu mtandao haupatikani ila mahali pamoja, kwenye msingi wa zege wa tangi la maji lililoko mteremkoni, juu kidogo ya ufuo. Huko ndiko nilikofanyia kazi ya ofisi. Kila asubuhi nilipanda na kompyuta na mwavuli, nikakaa kwenye zege, nikatikisa kichwa na kusema "Naunga mkono" kwa hewa tupu. Kijiji kizima hakikujua nafanya kazi gani, lakini kiliamini nimefukuzwa na akili imefuata. Akina mama wa kanisa walikuja mara mbili kuniombea pale pale tangini, katikati ya mkutano, nami nikazima picha ili wakuu wasione mikono kichwani mwangu. Jina langu likawa mtu wa tangi. Hata watoto wa ndugu yangu waliniita hivyo.

Na chini ya tangi, hatua kama hamsini, palikuwa na meza ya mama muuza samaki. Hatukujuana majina. Mimi nilimwita Mama, yeye aliniita nyathina, yaani mwanangu, kwa sauti ile watu humwongelesha nayo mgonjwa. Kila jioni nilishuka kununua ngege, na kila jioni alinichagulia mkubwa kuliko nilivyostahili, kwa kuwa alinionea huruma. Wakati akipara magamba alinisimulia habari ya afisa mmoja wa Kisumu. Yuko kila siku, lakini hapatikani. Koti lake liko kitini, lakini yeye ametoka kidogo.

Na mimi, mtu wa hasira, niliwaka! Nilimwambia hao maafisa ni watu wasio na haya. Nilimwambia mtu kama huyo anakula jasho la umma na hana hata mama wa kumkumbusha. Alipotaja shemeji yake nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Alipokata tamaa nilimwambia aondoke alfajiri, amkute kabla hajanywa chai. Alhamisi akirudi mikono mitupu, nilikuwa wa kwanza kumwuliza, "Umempata?" na akitikisa kichwa nililaani kwa lugha tatu. Sikuwahi kumwuliza ni ofisi gani, wala ni karatasi ya nini anayoitafuta. Kisumu ina ofisi nyingi na makoti mengi, na nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa nimelikalia langu.

Aibu iliyonipata kitini pale sijawahi kuipata tena. Nikasema nitashuka mapokezi, nitaagiza apigiwe simu, nitafanya kila kitu kwa upesi na kwa siri, na asijue kamwe kwamba ni mimi. Sikuwa nimemaliza kupanga niliposikia sauti mlangoni.

"Yaye! Nyathina!"

Alikuwa amesimama pale na kikapu chake, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, viatu vya kanisani mguuni. Macho yalikuwa yamemtoka kwa hofu. Hakuwa ananiogopa mimi. Alikuwa na hofu kwa ajili yangu.

"Toka! Toka kwa kiti ya wenyewe, atakupata hapo!" Akaingia kwa kunyata, akanishika mkono, akaninyanyua kama mtu anayemtoa mtoto jikoni. "Hata wewe umekuja kumtafuta? Kwa nini hukuniambia, tungekuja pamoja. Njoo. Watu wanakaa huku."

Huku ilikuwa benchi la koridoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikwenda nikakaa.

Tulikaa pale karibu saa nzima, yeye na mimi, tukinisubiri. Kupitia mlango uliokuwa wazi tuliliona koti. Akalisalimia kwa kichwa. Akafungua kikapu akanipa kiazi kitamu cha kuchemsha, akasema hapa mtu asibebe njaa, kusubiri ni kazi. Alinifundisha desturi za benchi: usilale, usiende msalani bila kumwachia mtu mzigo, na ukisikia viatu vinalia simama wima maana huenda ni yeye. Mama wa usafi alipita na ndoo, akatuona, akasimama, akaendelea na safari yake akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Leo ni ya mwisho," mama muuza samaki aliniambia kwa sauti ya chini. "Jumamosi kamati inakaa. Nikikosa, boti inaenda. Hiyo boti, nyathina, mbao yake ni mimi nilibeba kwa kichwa kutoka barabara. Mzee alikuwa anapigilia, mimi napeana misumari. Sasa mtu anasema si yangu."

Nikaacha kutafuna. Hapo ndipo nilipoona kwamba nikiendelea kukaa, nitamwangamiza kwa kuogopa uso wake.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Afisa. Yule afisa ni mimi."

Akacheka. Alicheka vizuri, kwa upole, kama alivyocheka kule ufuoni nilipomwambia kwamba nikiwa tangini huwa naongea na wakuu wa kazi. Akanipapasa goti. "Sawa. Ni wewe. Maliza kiazi."

"Haki ya Mungu, Mama. Meza ile ni yangu. Fomu zako kumi na moja nimeziona sasa hivi."

"Afisa ni mwenye koti," alisema, na hakuwa anabishana. Alikuwa ananieleza jambo la wazi ili nisijiumize.

Nikainuka, viatu vikalia, nikaingia chumbani, nikalitoa koti kitini na kulivaa. Halikunitosha. Lilinitosha nilipokuwa mwembamba na bila tumbo, na sasa mikono ilinisimama mbele kama ya mtu anayebeba debe. Jasho likaanza papo hapo. Nikakaa nyuma ya meza nikamtazama mlangoni.

Sura yake ilibadilika polepole. Ningependa angepiga kelele. Angenirushia kikapu, ningemshukuru. Badala yake alijifuta mikono kwa leso, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akagonga mlango uliokuwa wazi.

"Bwana Afisa. Habari ya asubuhi."

"Nzuri, Mama. Karibu, Mama, tafadhali keti, mimi..."

Hakuketi. Alisimama mbele ya meza yangu, miguu pamoja, akaanza. Ilikuwa hotuba aliyoibeba miaka miwili na hakuwa tayari kuipunguza hata neno kwa sababu eti tunajuana.

"Bwana Afisa, mimi ni mama mjane. Nimetoka Asembo. Mzee yangu alikufa akawacha boti. Watoto ni wanne. Ndugu yake anasema mwanamke hana chombo. Kamati imesema nikileta karatasi ni yangu, nikikosa ni yake. Nimekuja hapa mara mingi, sijakupata, najua kazi ni mingi. Kama si kukusumbua, Bwana Afisa, naomba uniandikie."

Kazi ni mingi! Aliyasema haya kwa mtu aliyemwona kila siku ya Mungu akisinzia chini ya mwavuli. Nikachukua kalamu. Nilipoinama kutia sahihi kwapa la koti lilipasuka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa sokoni, na yeye akatazama ukutani, kwenye kalenda, hadi nilipomaliza. Nikapiga muhuri. Nikampa karatasi kwa mikono miwili. Kazi yote haikufika dakika moja. Akaikunja mara nne, akaiweka kifuani, akasema, "Ero kamano, Bwana Afisa," asante, akatoka.

Jumamosi nilikwenda Asembo. Hakuna aliyeniita. Nilijiambia nakwenda kutoa ushahidi iwapo karatasi itatiliwa shaka, na ikawa hivyo hivyo, ila si kwa namna niliyotazamia. Kamati ilikuwa imeketi ufuoni kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti alisoma karatasi kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Shemeji mtu, jamaa mrefu mwenye kofia, akauliza ni nani huyu afisa aliyetia sahihi.

"Ni mimi," nikasema, nikasogea mbele.

Ufuo wote ukalipuka kwa kicheko.

"Huyu ni mtu wa tangi!" shemeji akapaza sauti, na uso ulimng'aa kwa furaha. "Mwenyekiti, hii karatasi imeandikwa na mtu mwenda wazimu! Nyinyi wote mnamjua. Mmewahi kumwombea!"

Nilianza kujieleza, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kufanana na maelezo yake. Nilitaja mikutano, nikataja mtandao, nikajikuta nanyoosha kidole kule tangini kwa nguvu. Wazee wawili wa kamati walitazamana. Nilimwona yule mama amesimama kando ya mashua yake, mkono juu ya mbao, na midomo yake ilikuwa imekauka. Miaka miwili nilimnyima mashua kwa kutokuwepo, na sasa nilikuwa karibu kumnyima tena kwa kuwepo. Nikafunga mdomo.

Mwenyekiti ndiye aliyetuokoa. Aliinua karatasi juani akakitazama kile kiduara chekundu kwa muda mrefu.

"Mtu anaweza kuwa na wazimu," akasema. "Muhuri haina wazimu. Boti ni ya mama. Mambo imekwisha."

Shemeji aliondoka akiongea peke yake. Wavuvi sita waliipindua mashua, wakaisukuma majini kwa wimbo, watoto wanne wakiruka na kupiga makofi. Ilielea kwa muda wa pumzi chache. Kisha tukaona maji. Jua la miaka miwili lilikuwa limezikausha mbao na kuzitenganisha, na ziwa lilikuwa linaingia kila upande, bila haraka, hadi viti vya ndani vikaanza kulowa. Wimbo ukafa. Mama alikuwa amesimama majini hadi magotini. Tangu ofisini hakuwa amenisemesha neno.

"Ile siku ulikuwa umevaa koti," alisema bila kugeuka. "Singeweza kukuambia kitu. Leo huna."

"Niambie, Mama."

Akageuka. "Ulikuwa unaiona. Ukikaa kwa tangi hii boti iko hapa chini ya macho yako, kila siku. Siku zingine ulikuja ukaikalia ukikula samaki yangu. Kuandika jina lako ilichukua muda gani? Nilikuangalia. Ilichukua kidogo kuliko kupara ngege moja. Unajua watoto yangu walikula nini hii miaka miwili, wakati baba yao amewacha boti?"

Sikujua. Alikuwa ameniuzia samaki wa mashua za watu, wale wakubwa, akanipa kwa huruma, na sikujua watoto wake nyumbani walikula nini. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia naona aibu, wavuvi wote wakisikia.

Hakusema amenisamehe. Aliokota nusu ya mtungi wa plastiki iliyokuwa imekatwa, akanisukumia kifuani.

"Chota."

Nikaingia ndani ya mashua na suruali yangu ya ofisini, nikaanza kuchota. Maji yaliingia upesi kuliko nilivyoyatoa. Wavuvi walisema mbao zikishakunywa zitafura na kuziba zenyewe, siku tatu, labda nne, mradi mtu asiache kuchota isije ikazama kabisa. Mama alikaa ufukweni akanitazama. Hakuniambia niache, wala mimi sikuuliza.